Usisogee, Rudi Tena Kesho

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti mbele ya vijana, walimu na wakazi wapenda picha za mazingira, Kaunti ya Kilifi

 

Wengi wenu mnanijua kwa kazi ya ofisi. Mimi ndiye yule anayekimbia mbele ya wageni siku ya kuzindua zahanati au kisima, kamera mkononi, nikimwomba mheshimiwa asimame kidogo upande wa kushoto. Ile ni kazi, na ninaipenda. Leo lakini nimeombwa nizungumzie jambo ninalolifanya alfajiri kabla ya kazi, jioni baada ya kazi, na Jumapili mpaka watu wa nyumbani wakalalamika. Napiga picha za maumbile: ndege, miti, maji, kaa, vipepeo, mawingu. Uraibu huu ninao tangu nikiwa darasa la tano.

Nitawaeleza nilivyoanza, kisha niwaambie kosa moja ambalo sijawahi kulisema hadharani, halafu tuingie katika mbinu ambazo kila mmoja wenu anaweza kuzijaribu, hata kwa simu.

Mjomba na mbuyu

Mjomba wangu alikuwa akipiga picha za harusi na za vitambulisho, kwa kamera ya Yashica. Siku hizo kamera ilitiwa mkanda, na mkanda mmoja ulitoa picha 36. Kuununua ni pesa, kuusafisha studio ni pesa nyingine. Harusi ikiisha, mara nyingi zilibaki picha mbili au tatu, na mjomba alikuwa akiniachia hizo. Kwa hiyo nilipata nafasi mbili au tatu za kupiga picha kwa mwezi. Mtoto mwenye nafasi mbili hafyatui ovyo. Nilikuwa nikifikiri wiki nzima nitapiga nini.

Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya mbuyu uliokuwa kando ya njia ya kwenda shule. Ilipotoka studio, nusu yake ilikuwa kidole changu, na kilele cha mbuyu kilikuwa kimekatwa. Nililia. Mjomba aliitazama, akaniuliza, "Kwani mbuyu umehama?" Nikasema haujahama. Akasema, "Basi rudi."

Nimerudi kwenye mbuyu ule kwa zaidi ya miaka 20. Ninao ukiwa mtupu wakati wa kiangazi, na ninao ukiwa umevaa majani baada ya mvua za masika. Ninalo ua lake, jeupe, kubwa kama kiganja, linaloinama chini. Ua la mbuyu hufunguka magharibi jua likizama, popo hulitembelea usiku, na siku ya pili linaanza kunyauka na kuanguka. Nilipita chini ya mti ule miaka mingi nikiokota maua yaliyokwisha kuanguka, bila kujua kwamba lazima nije magharibi na nikae. Picha ya ua lile likiwa linafunguka ilinichukua misimu mitatu.

Mnakumbuka mwaka 2022, mibuyu iling'olewa katika kaunti yetu ili isafirishwe hadi nchi ya Georgia, na Rais akaagiza uchunguzi. Picha za miti ile mikubwa ikiwa imelazwa, mizizi juu, ziliwafikia watu ambao hawajawahi kukanyaga Kilifi. Nilipoziona nilikwenda kuutazama mbuyu wangu. Ulikuwepo. Lakini nilielewa kwamba picha zangu za kila mwaka, ambazo nilidhani ni mchezo wangu tu, ni ushahidi kwamba kitu fulani kilikuwa mahali fulani, na kilikuwa hivi.

Kiota

Sasa niwaambie kosa.

Nilikuwa nyumbani likizo, mwaka wa pili wa chuo kikuu. Nilikuwa nimenunua kamera yangu ya kwanza ya kidijitali, mtumba, kwa pesa nilizodunduliza. Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mndimu, na humo chozi alikuwa amejenga. Chozi mnamjua, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, anayefyonza maua. Kiota chake huning'inia kama mfuko. Hukifuma kwa nyasi, vipande vya majani makavu na utando wa buibui, na mlango wake uko ubavuni. Ndani mlikuwa na makinda mawili.

Tawi moja lilikuwa mbele ya mlango ule. Majani yake yalikuwa yakiziba picha. Nikachukua uzi, nikalivuta tawi pembeni, nikalifunga.

Nilikaa pale tangu asubuhi, hatua tatu tu kutoka kwenye kiota. Mama yao alikuwa akija na mdudu mdomoni, anatua kwenye kamba ya kuanikia nguo, anaita, anaondoka, anarudi, anaita tena. Wakati ule nilifurahi, kwa sababu kila akirudi napata nafasi nyingine. Leo najua alikuwa akiogopa kuingia kwa sababu yangu, na wale makinda walikuwa wakingoja chakula juani. Karibu na adhuhuri aliingia. Nikaipata picha: mama ameinamia mlango, mdomo wa kinda umefunguka, mwanga umepita kwenye manyoya ya shingo.

Nikaenda kula. Sikulifungua lile tawi, kwa kuwa nilitaka kuendelea jioni.

Alasiri nilisikia kunguru. Ni hawa kunguru wenye shingo ya kijivu, ambao asili yao ni Bara Hindi na sasa wamejaa miji yetu yote ya pwani. Nilipofika, kiota kilikuwa kimechanika kutoka mlangoni hadi chini, na hakukuwa na kinda hata mmoja. Mama mzazi wangu alikuwa akianua nguo. Aliutazama ule uzi kwenye tawi. Hakuuliza nani ameufunga. Alisema tu, "Wewe umeshapata picha."

Na picha ilikuwa nzuri kweli. Niliitia katika maombi yangu ya kazi. Ikakaa ukutani nyuma ya meza yangu ofisini kwa miaka kadhaa. Wageni waliisifu, na mimi niliwajibu kwamba siri ya picha ya namna ile ni subira. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, aliyekuja na wenzake kutembelea ofisi, aliikazia macho akaniuliza, "Kiota kama hiki huwa kimefichwa na majani. Majani yalikwenda wapi?" Nikamwambia ilikuwa bahati. Walipoondoka niliishusha ile picha. Mwanafunzi yule kama yumo humu ukumbini, naomba radhi. Haikuwa bahati. Ilikuwa uzi.

Kwa nini umbali ni muhimu

Nimewasimulia haya kwa sababu kosa langu ndilo rahisi kuliko yote, na sasa kila mmoja ana kamera mfukoni. Anayefunga tawi hamchukii ndege. Anampenda, anamtaka awe karibu. Ndiyo maana ni vigumu kulikemea.

Jani lililo mbele ya kiota ni mlango, ni pazia na ni mwavuli. Ukiliondoa, jua linaingia, mvua inaingia, na kunguru anaona. Hata usipogusa kitu, ukisimama karibu mno mzazi haingii, na makinda hawali. Na nyayo zako zinawaonyesha wanyama wengine njia.

Jifunzeni dalili. Ndege akikaa na chakula mdomoni bila kuingia kiotani, uko karibu mno. Akiita mfululizo akiruka kutoka tawi hadi tawi, uko karibu mno. Kundi la ndege wa ufukweni likiacha kula na wote wakainua vichwa, simama hapo hapo, usiongeze hatua. Wakiruka, umeshachelewa.

Chukua mfano wa wale ndege weupe wenye mgongo mweusi na mdomo mnene, walao kaa, tunaowaona kwa mamia katika hori la Mida. Wale ni wageni wetu. Huzaliana katika nchi za joto kali, Oman, Falme za Kiarabu, Iran na pande zile, wakichimba mashimo mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Kisha huja kwetu, njia ile ile ya majahazi ya wazee wetu wakati wa kaskazi. Hapa Mida wanakula ili wapate nguvu ya kurudi kwao kuzaa. Kila mara kijana anapowakimbilia ili wapae apate picha ya mbawa, wanatumia nguvu ambayo walikuja kuitafuta.

Ngoja waje wenyewe

Basi tufanyeje ili tupate picha? Jibu langu ni lile la mjomba: usisogee, rudi. Soma mahali pale mpaka ujue kitu gani kinakuja saa ngapi, kisha utangulie na utulie.

Hapo Mida, bahari yenyewe inakusaidia. Wavuvi wanajua haya kuliko mimi. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana kama saa nne au saa tano asubuhi, na ndege wanakuwa mbali huko kwenye matope, na jua ni kali. Ukienda saa hizo utarudi na vidoa vyeupe tu. Lakini siku hizo hizo, alasiri, maji yanajaa mpaka kama saa kumi au saa kumi na moja. Maji yanapopanda yanawasukuma ndege kidogo kidogo kuelekea ukingoni, na wakati huo jua limeshashuka na mwanga umelainika. Ingia mapema katika kibanda cha kutazamia ndege, mwisho wa lile daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko, ukae kimya. Ada ya kuingia inasaidia karo ya wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani, kwa hiyo hata ukirudi bila picha hujapoteza.

Katika msitu wa Arabuko-Sokoke ni vivyo hivyo. Msitu ule una kilomita za mraba zipatazo 420, na ndani yake anaishi sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu, ambaye karibu hapatikani pengine duniani. Ukimfuata, utaona kiuno tu kikipotea. Lakini sange huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo lao, na mchana huzunguka wakipekua majani makavu kwa pua wakitafuta wadudu. Tembea na kiongozi wa msitu, muulize wanapopita, kaa chini ukiegemea mti, zima sauti ya simu. Utasikia majani kwanza. Mimi nilikaa asubuhi nne. Ya tano alipita mbele yangu akisimama kila hatua chache, kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha.

Mbinu za mwenye simu

Najua wengine mnasema, wewe una lenzi ndefu, sisi tuna simu. Ni kweli simu haiwezi kumleta ndege wa mbali, na ukivuta kwa vidole kwenye kioo picha inachakaa. Basi msishindane na lenzi ndefu. Kuna picha za ubunifu ambazo simu inaziweza vizuri, na hazimsumbui mtu wala ndege.

La kwanza ni mwanga. Sisi tuko karibu na mstari wa ikweta, jua letu hupanda wima. Mwanga wa dhahabu haukai. Anza kabla ya jua kuchomoza, saa kumi na moja na nusu uwe umeshafika. Kufikia saa mbili mwanga umekuwa mkali, vivuli vimekuwa vyeusi, rudi nyumbani ukanywe chai.

La pili, elekea jua linapochomoza na ugeuze kitu kiwe kivuli. Gusa sehemu angavu ya anga kwenye kioo cha simu, nayo simu itapunguza mwanga. Mnazi, mtumbwi, mkoko wenye mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui, vyote vinakuwa umbo jeusi tupu. Macho ya mtazamaji huacha kuhesabu majani, huliona umbo.

La tatu, tazama chini. Maji yakipwa, madimbwi yanabaki mchangani, na anga yote imo ndani yake. Inama mpaka simu iguse mchanga. Tazama vidonge vya mchanga ambavyo kaa wadogo huvipanga kuzunguka mashimo yao, kama mtu ametia nakshi. Maji yakijaa vinafutika, na kesho nakshi ni nyingine. Hapo hata maji mafu yanafaa.

La nne, ruhusu mwendo. Simu nyingi siku hizi zina sehemu ya kupiga picha za usiku, ambayo huiacha kamera wazi kwa sekunde kadhaa. Ilaze simu juu ya jiwe jioni, uelekeze kwenye mawimbi. Maji yatatoka kama moshi, na jiwe litabaki jiwe.

La tano ndilo kubwa kwangu. Chagua kitu kimoja karibu na kwenu, mti, kisima, kona ya mto Sabaki, na ukipige picha mara moja kila mwezi ukisimama pale pale. Weka alama ya jiwe. Baada ya mwaka utakuwa na picha 12, na nakuhakikishia hutakijua tena kitu kile kama ulivyokijua.

Vitu vya kuacha

Usitumie mwako wa kamera kwa bundi au mnyama wa usiku. Usitangaze mahali. Bundi mdogo wa Sokoke, mwenye urefu usiofika hata rula ya shule, hulala mchana kwenye matawi ya chini. Picha moja kwenye WhatsApp yenye jina la njia, na wiki ijayo watu 20 wako chini ya tawi lile. Fungua mipangilio ya simu, uzime kipengele kinachoandika mahali picha ilipopigwa.

Droni ina sheria zake. Inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na katika hifadhi za wanyama kibali cha KWS pia. Na katika misitu ya kaya, ambayo UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, hatuingii bila idhini ya wazee. Wakikuambia hapa hupigi picha, funga kamera. Kuna vitu vimedumu karne nyingi kwa sababu havikuonyeshwa kila mtu.

Na usidanganye. Ukiongeza ndege ambaye hakuwepo, sema. Mwaka 2010 mashindano makubwa ya picha za wanyamapori yanayoandaliwa London yalimvua mshindi wao wa mwaka uliotangulia, baada ya waamuzi kuamini kwamba yule mbwa mwitu aliyeonekana akiruka lango la mbao kuna uwezekano mkubwa alikuwa wa kufunzwa. Mpiga picha alikana, lakini tuzo ilikwenda. Sikumtaja ili tumcheke. Mimi mwenyewe nilikuwa na uzi.

Ombi langu

Nafunga kwa jambo moja la kiofisi. Jarida letu hupokea picha za wakazi na tutaendelea kuzichapisha, tena kwa furaha. Lakini kuanzia sasa hatutachapisha picha ya kiota chenye mayai au makinda, hata iwe nzuri namna gani, wala hatutataja mahali hasa alipoonekana mnyama adimu. Na ukituma picha, andika mistari miwili ukieleza ulivyoipata: ulikaa wapi, ulingoja muda gani. Tutaichapisha maelezo hayo pamoja na picha. Picha yangu ya chozi haitachapishwa tena. Ukutani mahali pake nimetundika ile ya mbuyu, ya kwanza kabisa, yenye kidole changu.

Mwaka huu chozi amejenga tena nyumbani, kwenye mpera ulio karibu na jiko. Mama alinipigia simu kuniambia. Nilikwenda, nikaketi barazani, mbali, bila kamera. Mama aliniletea chai, akanitazama, akauliza, "Leo hupigi?" Nikamwambia, "Leo naangalia." Ndege aliingia na kutoka mara 11 kabla chai haijapoa.